Jina la Ng'ina Bosibori

Tulimzika Mwalimu Nyakundi kwao Nyamache siku ya Alhamisi, na wasifu wake ulisomwa kwa muda mrefu kuliko mahubiri. Mwanawe wa kwanza alisimama na karatasi mkononi akataja shule alizofundisha baba yake, kamati alizokalia, na mwishowe maandishi yake yote, moja baada ya jingine, kila moja na mwaka wake. Watu walianza kuangaliana. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba hata maharagwe makavu yangekuwa yameshaiva. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kiti cha plastiki, mara nikiegemea huku, mara kule, kwa sababu nilijua ni andiko gani lingetajwa kwanza, lile la mwaka wa sabini na tatu, na nililijua neno kwa neno kwa kuwa ni mimi niliyelipiga taipu. Mbele, karibu na jeneza, alikaa mjane wake, Bosibori, na mkoba mweusi ameushika magotini kwa mikono miwili. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Mazishi yalipokwisha na watu wakapanga foleni ya chakula, msichana mmoja mwembamba mwenye miwani alinijia na daftari kifuani. Alisema kwa adabu kwamba anasoma chuo kikuu, anaandika kuhusu historia ya vilima vya Nyaramba, na kwamba amenitafuta kwa miezi. Kisha akauliza, "Samahani bibi, wewe ndiye Ondieki, Kwamboka?" Alilitaja la ukoo kwanza, kama lilivyo kwenye orodha ya marejeleo. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kwa mdomo. Nilimwambia akale kwanza, nikaondoka pale nikazunguka boma la marehemu mara mbili, bibi mzima, kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Nitaruka habari za ukoo wangu, maana kila mtu ana ukoo na hadithi zake zinafanana. Mwaka huo wa sabini na tatu nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimejifunza taipu, na nilifanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa mjini Kisii. Chumba kilikuwa na taipureta tatu, dirisha moja, na harufu ya utepe wa wino iliyochanganyika na harufu ya marekani mpya kutoka dukani. Mwenye ofisi aliitwa Bwana Odhiambo, mtu wa kutoka upande wa ziwani, mpole wa sauti lakini mkali wa pambizo. Alipima kwa rula kila karatasi tuliyomaliza. Kwa kuwa yeye hakujua Kigusii wala mimi Kijaluo, tulizungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwake. Saa nne tulikunywa chai na mandazi, na saa nne hiyohiyo basi la Nairobi lilipiga honi likiondoka stendi. Kila lilipopiga, miguu yangu ilisogea yenyewe chini ya meza. Bwana Odhiambo aliliona jambo hilo kabla yangu. "Kwamboka," alisema siku moja bila kuinua macho, "hiyo miguu yako inaenda wapi na wewe uko hapa?" Nilitaka kuondoka, basi. Niliyataka maghorofa ambayo sikuwa nimeyaona, niliwataka watu wasiojua mama yangu ni nani, na nilikuwa na hakika kwamba mwaka ukiisha ningali pale, dirisha lile lingenimeza. Leo nikiwaona wajukuu wangu hawatulii mezani, siwagombezi. Najua ugonjwa huo umetoka kwa nani.

Mwalimu Nyakundi alikuja mwanzoni mwa mwaka, amevaa koti lililombana mabegani, na kurasa zake amezifunga katika mfuko wa unga. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyepewa ruhusa ya kurudi kusoma, na alikuwa akiandika tasnifu kuhusu jinsi watu walivyokuja kukaa kwenye vilima vya Nyaramba, anakotoka mkewe. Alinikuta mimi peke yangu, na hivyo nikawa mpiga taipu wake. Kazi yenyewe ilinifurahisha hadi nilipofika kwenye orodha ya mwisho. Hapo nilitaka kulia. Jina la ukoo kwanza, mkato, jina la pili, nukta, kichwa cha kitabu kipigiwe mstari, mji, mwaka, na mstari wa pili uanze ndani hatua tano; ukikosea jina moja katikati, unaichomoa karatasi pamoja na kaboni zake mbili, unaanza upya. Halafu chini ya kila ukurasa kulikuwa na tanbihi, na ilibidi nihesabu mistari kabla ya kuanza ili nijue niache nafasi ya kutosha, kwa kuwa tanbihi ikikosa nafasi haina pa kukimbilia. Nilimuuliza Bwana Odhiambo haya yote ni ya nini, mtu si aseme tu anachokijua. Aliweka rula chini. "Hii ni kusema asante na kusema ukweli pamoja," alisema. "Wewe ukikula kwa mtu, ukiulizwa umeshiba wapi, si unataja hiyo nyumba? Ukinyamaza, umeiba chakula." Nikarudi kwenye taipureta yangu nikiwa nimenuna, lakini maneno hayo yalinikaa.

Shida ya Mwalimu ilikuwa kwamba wazee wote aliowahoji walimpa habari moja. Babu zao walikuja na mikuki, wakafukuza adui, wakagawana vilima. Msimamizi wake wa chuo alikuwa amechoka na mikuki. Ndipo Bosibori alipomwambia mumewe kwamba kama anataka kujua watu walikuja vipi Nyaramba, amuulize mama yake yeye Bosibori, maana bibi huyo alikuwa na habari ambazo wanaume hawakuwahi kuzitaka. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Sisi Wagusii tuna kitu tunakiita chinsoni, heshima yenye haya kati ya watu wa vizazi viwili, na mahali inapobana zaidi ni kati ya mume na mama mkwe wake. Hampi mkono. Haingii chumba anacholala. Hakai naye wakapiga gumzo, na jina lake halitamki, hata akiwa peke yake shambani. Mwalimu alikuwa amesoma, alivaa tai, lakini alikuwa mkwe. Basi akaniomba mimi, msichana nisiyehusiana nao, nikakae na mama mkwe wake nimuulize maswali yake na kuandika majibu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Si kwa kupenda historia. Nilikubali kwa kuwa ilikuwa nafasi ya kutoka mle chumbani.

Nilikwenda Nyaramba Jumapili tano, kwa sababu Jumamosi bibi alikuwa kanisani kwa Wasabato. Sijasahau chumba kile. Kulikuwa na mafiga matatu, moshi uliokwenda juu ukarudi kuangalia tumefika wapi, kibuyu cha maziwa ya mgando kilichoning'inia, na jiwe la kusagia wimbi ambalo hakuliacha hata alipokuwa akizungumza. Kila mtu alimwita Ng'ina Bosibori, yaani mama yake Bosibori, na mimi nilimwita magokoro, bibi. Alikuwa mfupi, mwenye meno yaliyobaki machache na ulimi usiokuwa na pengo. Alinipa ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyochacha kidogo, akaniangalia hadi nikamaliza, ndipo akasema, "Sasa uliza. Mtu mwenye njaa husikia vibaya." Mwalimu alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa udongo, amekaa juu ya debe lililopinduliwa karibu na miche ya chai, ili kama swali jipya likimjia, anipenyezee dirishani kwenye kikaratasi. Sote tulijua yuko pale. Bibi hakumsemesha kamwe, alimsemesha paka. Lakini kwa paka aliyelala karibu na goti lake alipaza sauti kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Wanasema mikuki," alimwambia paka. "Mikuki huliwa? Walikuja kwa njaa. Mwanamke aliyeitwa Kerubo alikuwa ameolewa huku, kwa watu wengine, na huko kwao njaa ilipoingia, akawatumia dada zake habari kwamba udongo wa huku unakubali wimbi. Wanawake ndio waliotangulia, mbegu wamezifunga kwenye pindo za ngozi walizovaa. Wanaume walifuata baadaye. Walifuata harufu ya ugali." Nje ya ukuta nilimsikia Mwalimu akicheka, kicheko kilichomponyoka akakiziba kwa kukohoa. Bibi alishusha macho kwenye jiwe lake, na niliona mashavu yake yakijaa. Mkwe wake alikuwa amemsikia kwa masikio yake mwenyewe. Hilo naomba likumbukwe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulielewa uzito wake siku zile. Ng'ina Bosibori hakusema kitu bila kusema alikitoa wapi. "Hili nililisikia kwa Moraa, bibi yangu, naye alilisikia kwa Kerubo mwenyewe, alipokuwa hawezi tena kutembea." Baada ya maneno kumi, tena: "Hili si la Moraa, hili nililiona." Na nilipoharakisha kalamu nikaruka hayo majina ili nimalize mapema, alisimamisha jiwe. "Umemuandika Moraa?" Nilisema nitamwandika. "Mwandike sasa. Nikitaja wimbi bila kumtaja aliyeleta mbegu, mimi ni mwizi wa nini?" Nilimwandika Moraa, nikamwandika Kerubo, huku mguu wangu ukichezacheza kwenye sakafu ya samadi, nikiwaza kwamba bibi huyu na Bwana Odhiambo wangeelewana sana kama wangekuwa na lugha moja. Siku hizi ninapokumbuka, huona aibu. Yule mwanamke hakuwahi kushika kalamu, na alikuwa akitaja vyanzo vyake kwa uaminifu kuliko mtu yeyote niliyempigia taipu kwa miaka iliyofuata, na nilifuatwa na maprofesa.

Jumapili ya tano, nilipokuwa nafunga daftari, alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa na kiganja kikavu, chenye nguvu. "Hayo maneno yatakwenda wapi?" Nilimwambia yataingia kwenye kitabu, na kitabu kitawekwa Nairobi, na mwisho wa kitabu kuna orodha ya kila mtu aliyesema. "Kanisani mimi ni Prisila," alisema. "Hapa nyumbani mimi ni Ng'ina Bosibori. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniita 'wewe.' Gesare amebaki wapi? Mama yangu aliniita Gesare. Wote walioniita hivyo wamekwisha. Moraa nimemtaja, Kerubo nimemtaja. Nani atanitaja mimi? Mwambie paka aandike Gesare, binti Matundura." Safari hii hakupaza sauti, lakini ukuta wa udongo hauzuii neno. Tulisikia debe likianguka nje, kisha hatua za haraka zikielekea migombani. Mwalimu alikuwa amekimbia. Bibi hakushangaa. "Heshima yake ni nzuri," alisema, "lakini wewe si mkwe wangu. Wewe utaniandika?" Nikasema, "Nitakuandika, magokoro." Nilisema haraka, maana nilitaka kufika mjini kabla ya mvua, lakini nilisema.

Mwezi wa tisa tasnifu ilirudi kutoka kwa msimamizi. Mwalimu aliileta ofisini na kuiweka mezani kwangu kama mtu anayeweka mgonjwa. Kwenye sura ya wimbi, iliyokuwa nzuri kuliko zote hata mimi niliiona, tanbihi zote zilisema "mama mmoja wa Nyaramba," na kila tanbihi ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Pembeni kulikuwa na maneno: Mama yupi? Bila jina, sura hii itolewe. Zilikuwa zimebaki siku kumi za kuirudisha chuoni. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoka kwenda barazani, akarudi akakaa. Sijaona mtu mzima akikosa raha namna ile. "Sura ikitoka, ninabaki na mikuki," alisema. Nilimwambia jambo lilikuwa jepesi, nikaweka vidole kwenye taipureta. "Niandike Gesare." Aliinua mikono yote miwili kama mtu niliyemrushia maji ya moto. "Usilitaje! Nisomapo orodha hiyo mbele ya maprofesa watatu, nitalitamkaje? Nikiweka sahihi chini yake, si nimelitamka kwa mkono?" Nikamwambia maprofesa hao hawajui chinsoni ni nini. "Mimi najua," alisema. Sikumdharau kwa hilo, wala simdharau leo. Kuna watu wengi waliosoma wakaiacha heshima yao mlangoni mwa shule. Yeye aliingia nayo, na ilimtesa.

Alirudi kesho yake, ametulia kwa namna ambayo haikunipendeza. Alikuwa amekesha akifikiri, na alikuwa amepata njia. "Kwamboka, mimi nilisikia maneno hayo kwa nani?" Nikasema kwa mama mkwe wako. "Hapana. Mimi sikuzungumza naye. Nilisoma daftari lako. Maneno yalitoka kwako yakaja kwangu. Chanzo changu ni wewe." Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa akitania. "Andika jina lako. Ni kweli tupu, hakuna uongo ndani yake." Nilimkumbusha debe. Nilimkumbusha alivyocheka. Aliangalia dirishani. Kisha akatoa bahasha kwenye koti lake, akaiweka juu ya utepe wangu wa akiba. Ilikuwa barua kwenda kwa msimamizi wa chumba cha taipu huko chuoni Nairobi, ikisema mimi ni msichana mwenye bidii na mikono myepesi, na kwamba nafasi ikipatikana nifikiriwe. Nilikuwa nimemwomba barua hiyo tangu mwezi wa tatu. Hakusema kwamba ni malipo. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Barua alikuwa ameiandika siku nyingi, tarehe yake niliiona. Lakini vitu viwili vikiwekwa kwenye meza moja kwa wakati mmoja, vinaoana vyenyewe. Saa nne ilikuwa inakaribia. Basi lilipiga honi.

Niliipiga taipu orodha ile asubuhi hiyo, bila kosa hata moja, na nadhani ni karatasi safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Ondieki, Kwamboka. Mahojiano. Nyaramba. Chini ya kila ukurasa wa sura ya wimbi niliweka jina langu tena, na tena, na tena. Naomba nisijisingizie kwamba nililia. Kulikuwa na dakika chache nilipoliangalia jina langu kwenye orodha moja na watu walioandika vitabu, na nililipenda. Bwana Odhiambo alipoipima pambizo, kidole chake kilisimama. "Kwamboka, tangu lini wewe uko na historia?" Nikajibu kwa kiburi cha miaka kumi na tisa, "Tangu leo." Hakucheka. Alinirudishia karatasi akasema, "Pambizo iko sawa." Kwake hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Nyaramba kuaga. Sijui kwa nini nilibeba nakala ya kaboni ya orodha ile. Labda nilitaka kukiri, labda nilitaka tu kuonyesha kazi yangu. Ng'ina Bosibori alikuwa nje akianika wimbi kwenye ungo. Aliiona karatasi kabla sijafungua mdomo, akafuta mikono kwenye kanga. "Umeniandika?" Nilikuwa nimetunga maneno njiani. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, mkwe wako, heshima, chuo, siku kumi. Yote yalikauka. Nikasema, "Tumekuandika, magokoro." Akanyoosha kidole chake cha shahada, kimekunjamana na kina unga wa wimbi kwenye ukucha, akasema, "Nionyeshe." Nami nikakishika kidole kile kwa mkono wangu, nikakishusha kwenye mstari wenye jina langu. "Hapa?" aliuliza. "Hapo." Akakipitisha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari, kama anayehisi kama uko imara, na unga ukabaki juu ya herufi. Akaniomba karatasi. Ningekataa vipi? Akaikunja mara nne akaiweka ndani ya Biblia ambayo pia hakuweza kuisoma. Kisha akanipa ndizi mbivu za njiani, mkungu mdogo mzima. Nilizila zote kabla sijafika kwenye barabara kuu, moja baada ya moja bila kupumzika, na tumbo likaniuma hadi siku ya pili.

Nairobi ilinipokea, sina malalamiko. Nilipata kazi, nikapata mume, nikapata maghorofa hadi nikayachoka. Alipofariki Ng'ina Bosibori nilipata habari wiki mbili baadaye, na sikurudi. Lakini Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi niliishuhudia methali hiyo ikitimia kwa macho yangu, kazini kwangu, mwaka baada ya mwaka. Mtu mwingine alisoma tasnifu ya Mwalimu, akaandika makala yake kuhusu wimbi na wanawake, na chini akaweka: Ondieki, Kwamboka. Mwingine akamsoma yule. Mara mbili niliwekewa mezani maandishi ya watu wasionijua, ikanibidi kulipiga jina langu mwenyewe kama chanzo cha mambo yaliyotokea kabla bibi yangu hajazaliwa. Kuna mmoja aliyeniita "mzee mashuhuri." Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilipiga neno hilo bila kosa, nikaenda chooni, nikasimama pale hadi mwenzangu akaja kugonga mlango. Ningeweza kusema. Kila mara nilijiambia nitasema kazi hii ikiisha, na kila mara kazi nyingine ilikuwa imeshaletwa. Watu wasiotulia ni hodari sana wa kusogea mbele; kurudi nyuma hatua moja ndiko kunakotushinda.

Nilipomaliza kuzunguka boma la Nyamache, nilimkuta Bosibori ameketi peke yake nyuma ya nyumba, na yule msichana mwenye miwani amesimama hatua chache kutoka kwake, hajui akae au aondoke. Bosibori alinipa mkono, akaniweka karibu naye kwenye benchi. Hatukulia, tulikuwa tumelia mbele za watu. Alifungua mkoba mweusi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, wino wa kaboni umefifia hadi rangi ya moshi. Nilijua kabla hajaifungua. "Mama alikuwa akiitoa kila mgeni akija," alisema. "Anaweka kidole anasema, mimi niko hapa. Nami nilikuwa nimefika darasa la saba, Kwamboka. Nilijua kusoma." Nilimuuliza alimwambia nini. "Nilimwambia ni kweli. Ningemwambia nini? Alikuwa anafurahi." Akainyoosha karatasi juu ya goti. "Na huyu tuliyemzika leo, kila alipoandika upya alisema safari hii atamweka. Anakaa na kalamu, mkono unakataa. Mwisho akaacha kuandika juu ya Nyaramba." Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilimwambia, "Bosibori, nilimwahidi mama yako, halafu nikajiandika mimi. Nilikuwa na haraka." Akasema, "Najua. Hata sasa mguu wako unacheza." Niliangalia chini. Ulikuwa unacheza kweli. Nililishika goti kwa mkono hadi mguu ukatulia.

Nilimwita yule msichana akakaa kwenye kigogo mbele yetu. Nilimwambia kwamba sina historia yoyote ya Nyaramba, sikuwahi kuwa nayo, na kwamba kila alipolisoma jina langu alisoma jina la mpiga taipu. Aliniangalia, akamwangalia Bosibori, akafungua daftari taratibu. Nikamwambia aandike. Gesare, binti Matundura, wa Nyaramba, aliyesikia kwa Moraa bibi yake, aliyesikia kwa Kerubo mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitaja jina hilo kwa sauti tangu siku niliyomtisha nalo Mwalimu, na halikunichoma mdomo. Msichana aliuliza aanze na jina lipi, la baba au lake. "La baba ndiyo kanuni," alisema. Nikamwambia kanuni naijua kuliko yeye, lakini leo aanze na lake. Aliandika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na wewe bibi, nikuweke wapi?" Nikasema, "Niweke chini kabisa. Sema nilimsikia, na sema nilichelewa." Aliandika hilo pia, akaligeuza daftari upande wetu tusome. Bosibori alikuwa ameiacha miwani yake chumbani siku hiyo, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alinyoosha kidole juu ya ukurasa, akangoja, na mimi nikakishika nikakishusha kwenye mstari.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo," nikasema.